Watoto wa Gutterson wako wapi usiku huu?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Kina mama mlioacha sufuria jikoni mkaja kutusikiliza, asanteni sana. Na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna chai na mandazi, asanteni pia, maana bila nyinyi ukumbi huu ungekuwa nusu mtupu.

Nimeombwa nizungumzie hoki ya barafu, hasa lile jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkinishangaa nalo: mtu mzima, mwenye familia na zamu ya asubuhi, anakesha na simu mkononi akitafuta matokeo ya timu ya Syracuse, mji ambao hana ndugu wala mdeni. Mwenyekiti ameniambia nisizidi nusu saa. Nitajitahidi, ila simwahidi kitu.

Tuitazame kwanza ramani ya hapa tulipo. Sisi wa Burlington na Winooski tumekuja kuishi katika jimbo hili la Vermont, Marekani, lisilo na timu hata moja ya ligi kuu, si ya mpira wa kikapu, si ya besiboli, si ya hoki. Montreal iko kilomita kama 150 kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Boston iko kama 350 kusini. Majirani zetu kwa hiyo wamegawanyika tangu enzi za mababu zao: huyu ni Bruins wa Boston, yule ni Canadiens wa Montreal, na nyumba nyingine baba na mama hawasemezani mwezi wa Mei. Wanapokutana ni kwenye timu ya chuo, Chuo Kikuu cha Vermont, UVM, wale wa jezi za kijani na njano.

Ukitaka kuwaona wamekutana, nenda Gutterson, uwanja wao wa barafu, usiku wa Jumamosi mwezi wa Januari. Watu kama 4,000, makoti yamelundikana mapajani, na kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kikigonga ubao unasikia mpaka kwenye meno. Jengo lilifunguliwa mwaka 1963. Limepewa jina la Albert Gutterson, mwanafunzi wa chuo hichohicho aliyeshinda dhahabu ya kuruka chini kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Yaani uwanja wa barafu una jina la mtu aliyekuwa akitua mchangani. Mimi hilo hunifurahisha kila nikipita pale.

Sasa, ugonjwa wenyewe unaanzia hapa. Chuo ni miaka minne. Kijana anaingia ana chunusi na wasiwasi, anajikwaa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anaanza kueleweka, wa tatu unajua atakwenda upande gani kabla yeye mwenyewe hajajua, wa nne anaondoka. Shabiki wa klabu ya kulipwa anaweza kukaa na mchezaji mmoja miaka kumi na tano. Sisi tunapokonywa mara tu mkate unapoiva. Hapo una njia mbili: umsahau umpokee mwingine, au umfuate. Ukishaanza kuwafuata, jua kwamba huna tena timu. Una watu, na watu hao wametawanyika.

Mwaka 1993 waliingia UVM vijana watatu. Wawili walikuwa marafiki wa tangu utotoni kutoka Laval, pembeni ya Montreal: Martin St. Louis na Eric Perrin. Wa tatu alikuwa kipa kutoka Flint, Michigan, mji wa viwanda vya magari, jina lake Tim Thomas. Familia ya Thomas haikuwa na hela. Inajulikana kwamba wazazi wake waliwahi kuuza pete zao za ndoa ili aende kambi ya mafunzo ya makipa. St. Louis naye shida yake ilikuwa urefu: futi 5 na inchi 8. Kaka yetu anayesimamia mlango pale anamzidi kwa kichwa kizima. Na hoki ya miaka ile ilikuwa ya majitu.

Huyo mfupi alicheza mechi 139 za chuo na kujikusanyia pointi 267, yaani mabao na pasi za mabao zikijumlishwa. Ni rekodi ya chuo. Machi 1996 waliifikisha UVM nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza katika historia, kule Cincinnati, wakafungwa na Colorado College 4 kwa 3 katika muda wa nyongeza wa pili. Wazee wa hapa mpaka leo ukiwagusia mechi ile wanaweka kikombe chini.

Mngedhani klabu za ligi kuu, NHL, zilipigana vikumbo kumgombea. Kila mwezi wa Juni klabu zile hukaa na kuchagua vijana mmoja baada ya mwingine, mamia ya majina, wanaiita drafti. Thomas alichaguliwa mwaka 1994, akiwa wa 217, na klabu ya Quebec ambayo mwaka uliofuata ilihamia Denver. St. Louis hakuchaguliwa na mtu. Perrin naye vivyo hivyo.

Hapo ndipo mashabiki wa UVM walipoanza kujifunza jiografia. Mwaka 1997 St. Louis alijaribu Ottawa, hawakumpa mkataba. Akaenda Cleveland, ligi ya chini. Mwaka 1998 Calgary wakamsajili, wakampeleka timu yao ya pili kule Saint John, New Brunswick. Mwaka 2000 zikaanzishwa klabu mbili mpya, Minnesota na Columbus, zikaruhusiwa kuchukua wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwalinda. Calgary hawakumlinda. Wale wapya wakamtazama, wakampita. Calgary wakauvunja mkataba wake kabisa. Akaokotwa na Tampa Bay, timu ya Florida, kwenye joto na mamba, iliyokuwa ikishika mkia miaka ile.

Miaka minne baadaye, msimu wa 2003–04, St. Louis alimaliza na pointi 94, akiongoza ligi nzima, akatajwa mchezaji bora. Tampa wakafika fainali ya Kombe la Stanley. Wapinzani wao? Calgary. Walewale. Mechi ya sita ilichezwa Calgary kwenyewe, Calgary wakihitaji ushindi mmoja tu wabebe kombe mbele ya watu wao. Mechi ikaenda nyongeza ya kwanza, ikaenda ya pili. Sekunde ya 33 ya nyongeza hiyo ya pili, yule waliyemtupa akatia bao. Siku mbili baadaye Tampa wakashinda mechi ya saba. Na Perrin, rafiki wa Laval, alikuwamo kwenye kikosi hichohicho.

Usiku ule hapa Vermont hakukuwa na shabiki wa Tampa hata mmoja, lakini mitaa ilijaa watu waliokuwa wakishangilia Tampa. Naona mzee pale anatikisa kichwa, haoni mantiki. Basi mzee wangu nikukumbushe Januari 2020, Mbwana Samatta aliposajiliwa Aston Villa. Watanzania wangapi walijua Aston Villa iko mji gani? Ndani ya usiku mmoja nusu ya nchi ikawa Villa. Alipofunga kule Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, tulipigiana simu kama aliyefunga ni mtoto wa shangazi. Na ndugu zangu wa Lubumbashi mtasema nyinyi mlimjua kabla ya Villa, tangu yuko Mazembe, tangu lile kombe la mabingwa wa Afrika la 2015. Mna haki. Wa Simba nao watasema walimjua kabla yenu. Ule ubishi wa nani alimwona kwanza ndio starehe yenyewe ya shabiki wa chuo. Sisi wa Gutterson hatudai kwamba St. Louis ni wetu kwa sababu alishinda. Tunadai ni wetu kwa sababu tulimwona alipokuwa hatakiwi na mtu, tukasema anafaa, tukachekwa.

Thomas safari yake ilikuwa ndefu zaidi, na mimi, niseme ukweli, yeye ndiye nampenda kuliko wote. Alitoka chuo akazurura: Ufini akiwa na HIFK ya Helsinki, ligi za chini za Marekani, Uswidi, Ufini tena. NHL alikanyaga kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na nafasi ya kudumu pale Boston akaipata msimu wa 2005–06, ana miaka 31. Umri huo makipa wengine wanafikiria kufungua duka. Tena alikuwa akidaka kwa namna inayowatia makocha kiungulia: anajitupa, anagaagaa, fimbo imeshamtoka, anazuia kwa kiwiko, anazuia kwa kisigino. Watoto hawafundishwi hivyo. Lakini mara mbili, 2009 na 2011, alipewa tuzo ya kipa bora wa ligi. Juni 2011, mechi ya saba ya fainali, ugenini Vancouver, Boston walishinda 4 kwa 0 na Thomas hakupitisha kitu. Akatangazwa mchezaji bora wa mtoano wote, ana miaka 37.

Fikirieni basi yule shabiki wa Montreal wa hapa kwetu. Boston ni adui wa damu. Boston wamebeba kombe. Na aliyewabebea ni kipa aliyekuwa akimtazama Gutterson akiwa na miaka ishirini. Alie au acheke?

Na haikuwa mara ya kwanza, wala upande mmoja. John LeClair ni mzaliwa wa St. Albans, hapo juu njia ya kuelekea mpakani, akasoma UVM mpaka 1991. Fainali ya 1993, akiwa na Montreal, alifunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza kwenye mechi ya tatu dhidi ya Los Angeles, akarudia tena kwenye mechi ya nne. Montreal wakachukua kombe. Mwaka huo watu wa Bruins wa Vermont ndio waliobanwa: utamchukiaje kijana wa St. Albans? Kisha Montreal wakamtoa kwa Philadelphia mwaka 1995, na kule akafunga mabao 50 au zaidi misimu mitatu mfululizo, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Montreal hawajachukua kombe tangu 1993. Sisemi kitu, nataja tarehe tu.

Mwingine wa kutajwa ni Patrick Sharp. Januari 2000 chuo kilifuta mechi zote zilizobaki za msimu kwa sababu wachezaji wapya walinyanyaswa na wenzao wa zamani. Ilikuwa aibu, na ilistahili kuwa aibu. Vuli ya mwaka huohuo Sharp ndipo alipoingia, kwenye timu iliyochafuka jina. Alikaa miaka miwili tu. Baadaye ana makombe matatu na Chicago: 2010, 2013, 2015. Kuna watu wanabisha kwamba aliyekaa miaka miwili si wetu sana. Watu hao mimi huwaacha waseme.

Nirudi Syracuse, maana ndiko nilikoshutumiwa. Kila klabu ya NHL ina timu ya pili inayocheza ligi ya chini yake, AHL. Boston wana Providence, Montreal wana Laval, Tampa wana Syracuse. Kijana akitoka chuo, hata kama alichaguliwa kwenye drafti, kwa kawaida hupelekwa huko. Anasafiri kwa basi, anacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, anangoja simu ya kuitwa juu. Simu inaweza kuja Jumanne, akacheza dakika nane, Alhamisi akarudishwa. Magazeti makubwa hayaandiki. Anayejua ni mama yake na sisi.

Ross Colton alichaguliwa na Tampa mwaka 2016, akacheza UVM misimu miwili, akaenda Syracuse 2018. Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Tampa walikuwa na kikosi bora kuliko wote duniani, nafasi haipatikani. Februari 2021 akaitwa, akafunga katika mechi yake ya kwanza. Julai 7 mwaka huohuo, mechi ya tano ya fainali, bao likawa moja tu usiku mzima: 1 kwa 0. Kipindi cha pili, Colton amejipenyeza mbele ya lango, pasi imekuja kutoka kwa David Savard, ameigusa tu kwa ncha ya fimbo. Kombe limeamuliwa kwa mguso ule. Na waliofungwa ni nani? Montreal, katika fainali yao ya kwanza tangu zile siku za LeClair.

Mimi nilimjua kijana yule kupitia orodha za matokeo za Syracuse, miezi na miezi ya jina lake likiandikwa na sifuri pembeni. Ndiyo maana nilikuwa nikikesha. Waliomwona usiku ule tu waliona bao. Mimi niliona na zile sifuri zote.

Sasa dada zangu mtaniuliza, hawa wote mbona ni wanaume? Swali zuri, na jibu lake linaniuma kidogo. Amanda Pelkey ni mzaliwa wa Montpelier, makao makuu ya jimbo letu, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa. Alicheza UVM, na mwaka 2018 alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyoifunga Kanada kwa penalti na kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Dhahabu ya Olimpiki! Mwanamume mwenye kitu hicho angeishi kwa hoki maisha yake yote. Kwa wanawake ligi zilikuwa zikifunguliwa na kufungwa, malipo hayatoshi kodi ya nyumba, mtu anafanya kazi mchana anafanya mazoezi usiku. Kumfuata mchezaji wa kike baada ya chuo ilikuwa kama kumfuata mtu gizani. Ligi moja yenye mishahara ya kueleweka, PWHL, ilianza kucheza Januari 2024. Mwaustria Theresa Schafzahl, aliyekuwa kinara wa mabao pale UVM, alichaguliwa na Boston katika drafti ya kwanza kabisa ya ligi hiyo. Montreal nako kuna timu. Mwenye binti, na mwenye karatasi za kumvusha mpaka, ampeleke akaone.

Kuna upande mwingine wa kuwafuata watu hawa, nao siwezi kuuruka. Desemba 2019, Thomas alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la Hoki la Marekani, alizungumza na waandishi wa habari kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kimya. Aliwaeleza jinsi majeraha ya kichwa yalivyouharibu ubongo wake, jinsi alivyojitenga akashindwa kuwasiliana na watu. Tulikuwa tumejiuliza amekwenda wapi. Wengine walishaanza kumsema vibaya kwamba ana maringo. Kumbe mtu alikuwa mgonjwa. Mimi tangu siku ile nikimwona mchezaji wetu amegongwa kichwa akainuka anayumba, sishangilii akirudi uwanjani dakika tano baadaye. Namtaka akae benchi. Kama kweli ni mtoto wetu, tumtakie na uzee.

Na wengi hawafiki hata Syracuse. Wanakwenda ligi za Ulaya, au ligi ya tatu hapahapa kwa mishahara midogo, wanarudi wakiwa makocha wa watoto, walimu, mafundi bomba. Hao nao tunawajua. Ukimkuta mmoja dukani ukamtajia bao lake la mwaka wa tatu dhidi ya Maine, utaona uso wake unavyobadilika.

Mambo yanabadilika pia kwa upande wa chuo. Siku hizi mwanafunzi anaweza kuhama chuo kwa urahisi, na kuanzia msimu wa 2025 vijana wa ligi za chipukizi za Kanada, waliokuwa wamefungiwa mlango miaka yote, wameruhusiwa kucheza vyuo vya Marekani. Miaka minne inakuwa miwili, miwili inakuwa mmoja. Wenzangu wengine wanasema hakuna tena wa kumpenda. Mimi nasema tutapenda haraka zaidi, basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na kesi iliyoko mezani. Februari 2022 Montreal walitafuta kocha, wakamchukua Martin St. Louis, aliyekuwa akifundisha timu za watoto, hajawahi kuongoza timu ya wakubwa hata siku moja. Yule mfupi wa Laval amesimama nyuma ya benchi la Canadiens. Nina jirani, Bruins tangu tumboni, aliyekuwa akikaa Gutterson miaka ile ya Cincinnati. Siku Boston wakicheza na Montreal, mtu huyu anazima televisheni, anatoka kwenda kuondoa theluji hata kama hakuna theluji. Nimemwambia ashangilie mabao ya Boston na maamuzi ya St. Louis. Amesema huo ni unafiki. Mkewe, ambaye ni wa Montreal, anasema mimi niko sahihi.

Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye mandazi asogeze sahani huku mbele.